Jina la York: Mti uliogeuka nguruwe, nguruwe akageuka ghuba

NILIALIKWA majuzi katika baraza la wazee kwenye mji mmoja wa Bonde la Ufa ambao sitautaja, maana moto wenyewe haujazimika. Ajenda ilikuwa barabara na soko. Kufikia saa saba mchana, barabara ilikuwa imesahaulika na mjadala ulikuwa umetekwa na jambo moja tu: jina la mji.

Mzee mmoja alisimama akashikilia kwamba jina hilo ni la lugha yake, kwa hivyo mji ni wa watu wake. Mwenzake naye akainuka, akalikata jina lilelile vipande viwili, akatoa maana nyingine kabisa kwa lugha yake, akadai mji huohuo. Sauti zikaanza kupanda. Kijana aliyekuwa ameketi nyuma yangu akaniinamia akanong'ona: “Prof, si wewe ndiye mtu wa lugha? Tuambie basi, nani anasema ukweli?”

Sikumjibu siku ile. Neno la mwanaisimu mbele ya watu waliokasirika ni kama petroli karibu na jiko. Hata hivyo, swali lake lilikuwa halali na nimelibeba kama deni. Leo nataka kulilipa, ila nitapitia mbali: nitazungumzia jina la York, mji mkongwe ulioko kaskazini mwa Uingereza.

Nimeuchagua York kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna mtu hapa kwetu atakayegombana na jirani yake kwa sababu ya asili ya jina hilo, kwa hivyo tutaweza kufikiri kwa utulivu. Pili, jina hilo lina kumbukumbu za kimaandishi za takriban miaka elfu moja na mia tisa. Ni majina machache ya miji yanayotuwezesha kuona kwa uwazi hivyo namna jina linavyopita kutoka kinywa cha jamii moja hadi cha jamii nyingine, na linavyopewa maana mpya kila linapopokelewa.

Usianze na umbo la leo

Hebu tulitazame neno lenyewe. York. Herufi nne. Kwa Kiingereza cha leo halina maana yoyote zaidi ya kuutaja mji huo. Ukifungua kamusi ukitafuta kitenzi au nomino ambayo kwayo jina hilo lilitokana, utafunga kamusi mikono mitupu.

Hii ndiyo kanuni ya kwanza ninayowafunza wanafunzi wangu kuhusu etimolojia ya majina ya mahali: usianze na umbo la leo. Tafuta umbo kongwe zaidi lililoandikwa, kisha shuka nalo hatua kwa hatua hadi ufike tulipo. Anayeanza na umbo la leo hufanana na mtu anayekutana na mzee wa miaka tisini akajaribu kukisia sura yake ya utotoni kwa kutazama mikunjo.

Mfano wa nyumbani utatusaidia. Mtu asiyejua habari za Vita Vikuu vya Kwanza anaweza kukaa kutwa akisaka mzizi wa jina Kariokor, mtaa wa Nairobi, katika lugha zetu za Kibantu na za Kinailoti. Hataupata. Jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza. Kariakoo ya Dar es Salaam ina asili hiyohiyo. Masikio yetu yaliyapokea maneno mawili ya kigeni, ndimi zetu zikayafinyanga upya, na leo Kariokor lina sura ya jina lililozaliwa hapa. Aliyelisikia bila kuijua historia yake angeapa kwamba ni letu tangu enzi.

Mahali penye miti

Sasa turudi York. Karibu mwaka 71, Kikosi cha Tisa cha jeshi la Roma kilijenga ngome mahali inapokutana mito miwili, Ouse na Foss. Ngome hiyo iliitwa Eboracum, au Eburacum. Ushahidi wa kimaandishi wa mapema zaidi tulio nao wa jina hili umo katika kibao cha mbao kilichofukuliwa huko Vindolanda, ngome nyingine ya Kirumi iliyokuwa kaskazini zaidi. Kibao hicho ni cha kati ya mwaka 95 na 104 hivi, na jina limeandikwa Eburaci.

Lina vazi la Kilatini, lakini mwili wake si wa Kilatini. Warumi walilichukua kutoka kwa wenyeji waliowakuta pale, watu waliozungumza lugha ya Kikelti, ile iliyokuja kuzaa Kiwelisi cha leo. Kwa wenyeji hao umbo lake lilikuwa kama Eburakon. Mzizi wake ni ebur-, na -akon ni kiambishi tamati kinachoashiria mahali penye kitu fulani, au mali ya mtu fulani.

Ebur- ni nini? Hapa wanaisimu hutumia mbinu ileile inayotumiwa katika lugha za Kibantu. Tukiona Kiswahili kina mti, Kikuyu kina mũtĩ, na Kizulu kule Afrika Kusini kina umuthi, tunasema maneno haya ni ndugu wa tumbo moja. Vivyo hivyo, Kiayalandi, ambacho ni lugha ya ukoo wa Kikelti, kina neno iúr, ambalo zamani lilikuwa ibar, lenye maana ya mti ambao Waingereza huuita yew. Mji wa Newry nchini Ireland Kaskazini umetokana na neno hilo. Huko Ufaransa, mji wa Évreux umerithi jina la kabila la kale la Kikelti, Eburovices, lenye mzizi huohuo.

Mti wenyewe ni jamaa ya mbali ya misonobari. Majani yake ni membamba, ya kijani kibichi mwaka mzima, na yana sumu inayoweza kuua ng'ombe. Mbao zake ni ngumu na zinapindika bila kuvunjika, ndiyo maana Waingereza wa kale walitengenezea pinde. Huishi miaka mingi ajabu na mara nyingi huonekana kwenye makaburi ya makanisa. Mti wa namna hiyo, hakika, unastahili kupewa mji.

Kwa maelezo haya, Eburakon ni mahali penye miti ya yew. Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa. Sisi wenyewe tuna akina Mbuyuni wasiohesabika, Mombasa kuna Mwembe Tayari, Unguja kuna Mkunazini. Binadamu akifika mahali papya, jambo la kwanza analoliona ni mti mkubwa, na jambo la pili ni maji.

Kuna wataalamu wanaoshikilia kwamba Eburos lilikuwa jina la mtu, kwa hivyo Eburakon ilikuwa mali ya bwana huyo. Hoja yao ina uzito, kwa kuwa kiambishi -akon kiliweza kubeba maana zote mbili. Hata hivyo, jina la bwana mwenyewe lingekuwa limetokana na mti uleule. Kwa hivyo ukipita njia hii au ile, chini kabisa utaukuta mti.

Mji huu haukuwa kijiji cha pembezoni. Mfalme wa Roma Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika nchi tunayoiita Libya leo, alifariki hapo mwaka 211. Hapo ndipo mwaka 306 wanajeshi walipomtangaza Constantine kuwa mfalme. Ptolemy, mwanajiografia wa karne ya 2 aliyeishi Alexandria, Misri, aliutaja mji huo katika kitabu chake cha jiografia. Hicho ndicho kitabu kilekile kinachoitaja Rhapta, bandari ya kale ya pwani yetu ya Afrika Mashariki. Jina la mji wa Waingereza na jina la bandari yetu yamehifadhiwa ndani ya majalada mamoja, na Mwafrika wa Kaskazini alivuta pumzi yake ya mwisho mahali penye miti ya yew. Ulimwengu wa kale ulikuwa mdogo kuliko tunavyodhani.

Nguruwe anaingia

Katika karne ya 5 utawala wa Roma nchini Uingereza ulikoma. Wakaja Waanglo-Saksoni kutoka ng'ambo ya bahari, wakizungumza lugha ya ukoo wa Kigermanik ambayo ndiyo babu wa Kiingereza. Waliukuta mji una jina. Hawakulitupa. Walifanya kile ambacho binadamu hufanya akisikia neno asilolielewa: walisikiliza kama ndani yake kuna kitu wanachokifahamu.

Kufikia wakati huo sauti b iliyokuwa katikati ya irabu mbili ilikuwa imelainika katika vinywa vya wenyeji ikawa karibu na v. Ebor- ilisikika kama evor-. Naye Mwanglo-Saksoni alikuwa na neno lake, eofor, ambalo herufi f ndani yake ilitamkwa v. Eofor maana yake ni nguruwe mwitu dume. Basi akasema, kumbe! Huu ni mji wa nguruwe mwitu. Kilichobaki cha jina akakigeuza kuwa wic, neno lililokuwa limekopwa kutoka Kilatini vicus, lenye maana ya makazi au mahali pa biashara. Mji ukawa Eoforwic, makazi ya nguruwe mwitu.

Hili ndilo jambo ambalo darasani mwangu huliita etimolojia ya mtaani, yaani maana ambayo watumiaji wa lugha hulipa neno kwa sababu sauti zake zinawakumbusha neno jingine. Tafadhali usiwacheke Waanglo-Saksoni. Kiswahili chetu kimejaa mambo haya. Neno kitabu limetoka Kiarabu, na ki- yake ni sehemu ya mzizi wenyewe wa Kiarabu. Sisi tuliisikia ki-, tukadhani ni kiambishi cha ngeli, tukasema vitabu, na leo hakuna anayeona ajabu. Ile sehemu ya gari inayozuia matope tuliisikia kwa Waingereza ikiitwa mudguard. Tukaisikia kama madigadi, tukachukulia ma- kuwa ni ya wingi, tukajizalia umoja: digadi. Sikio halipokei sauti tupu. Hupokea sauti pamoja na matarajio.

Ni muhimu kuelewa kwamba Eoforwic haikuwa kosa kwa maana ya kawaida. Nguruwe mwitu walikuwako kwa wingi katika misitu ya Uingereza wakati huo. Mtu aliyeulizwa na mwanawe, “Baba, kwa nini mji huu unaitwa hivi?” angeweza kumwonyesha msitu na nyayo za nguruwe. Ushahidi wote uliokuwa mbele ya macho yake ulimuunga mkono. Alichokikosa ni kibao cha Vindolanda kilichokuwa kimefukiwa ardhini.

Kumbuka pia kwamba umbo la zamani halikufa. Wasomi na makasisi walioandika kwa Kilatini, akiwemo mtawa Bede aliyekamilisha historia yake ya kanisa la Uingereza mwaka 731, waliendelea kulitumia umbo la Kirumi. Kwa karne kadhaa mji mmoja ulikuwa na majina mawili: la mti katika vitabu, la nguruwe sokoni.

Ghuba isiyo na bahari

Mwaka 866 Wavikingi kutoka Skandinavia waliuteka mji. Walitawala kwa vipindi hadi mwaka 954 mfalme wao wa mwisho, Eric aliyepewa lakabu ya Shoka la Damu, alipofukuzwa. Nao hawakulitupa jina. Walilisikia Eoforwic, wakalitamka walivyoweza: Jórvík.

Irabu mbili za mwanzo, eo, ziligeuka jo, na hiyo j hutamkwa kama y yetu. Sauti v ya katikati ikamezwa. Wic, ambayo Waanglo-Saksoni waliitamka karibu na wich, ikawa vík. Sasa vík katika lugha ya Kinorse ni ghuba au hori la bahari. Jór nalo, katika ushairi wa lugha hiyo, ni farasi dume. Aliyetaka maana angeweza kusema kwamba mji unaitwa ghuba ya farasi, ilhali hapo hapana ghuba. Bahari iko mbali. Kuna mto tu, ingawa meli ziliweza kupanda mto huo hadi mjini.

Hapo ndipo unapoona uwezo wa sikio la binadamu. Jina lilianza na mti, likapita kwa nguruwe, likafika kwa farasi na ghuba, na muda wote huo mji haujasogea hata hatua moja.

Wavikingi hawakugusa jina la mji pekee. Mgeni anayetembea York leo atakutana na barabara zinazoitwa Stonegate, Coppergate, Micklegate na Goodramgate, naye atazungusha kichwa akitafuta mageti. Hatayaona, kwa sababu gate katika majina hayo si lango. Ni neno la Kinorse, gata, yaani barabara. Micklegate ni barabara kuu. Coppergate haina uhusiano na madini ya shaba kama sauti yake inavyodokeza kwa Kiingereza. Ni barabara ya mafundi waliochonga vikombe vya mbao. Malango halisi ya ukuta wa mji huo yanaitwa bar. Ndiyo maana kuna mahali panapoitwa Micklegate Bar, yaani lango la barabara kuu, na mgeni anayesoma kwa Kiingereza cha leo anaweza kudhani ameelekezwa kwenye baa!

Kati ya mwaka 1976 na 1981 wanaakiolojia walichimba Coppergate wakaikuta karakana ya Wavikingi ikiwa imehifadhiwa na unyevu wa udongo: mbao, ngozi, mabaki ya vikombe. Etimolojia ilikuwa imesema barabara hii ni ya wachonga vikombe, na ardhi ikajibu: kweli. Huo ndio uhusiano mzuri kati ya jina na ukweli. Jina lilitoa ushahidi, na ushahidi mwingine ukalithibitisha.

Herufi nne, vinywa vinne

Baada ya hapo jina liliendelea kusagika kama sarafu ya shilingi iliyopita mikono mingi. Katika kitabu kikubwa cha kodi kilichoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya Mfalme William, linaonekana kama Euruic. Kufikia karne ya 13 tunakutana na umbo York. Majina ya miji hufupika kwa sababu hutajwa mara nyingi mno. Vijana wetu hawasemi Nakuru, husema Nax. Nairobi ni Nai. Tusiwalaumu, historia iko upande wao.

Tulitazame tena neno letu la herufi nne. Y ya mwanzo ni mchango wa Wavikingi. K ya mwisho pia ni yao: kama si wao, huenda jina lingeishia kwa sauti ile ya mwisho wa Norwich na Ipswich. Sauti moja pekee, r, ndiyo iliyopita katika vinywa vya Wakelti, Warumi, Waanglo-Saksoni na Wavikingi bila kupotea. Na kinachochekesha ni kwamba Waingereza wengi wa leo hawaitamki hata hiyo r. Imebaki kwenye maandishi tu, kama picha ya marehemu ukutani.

Kutoka hapo jina lilipanda meli. Mwaka 1664 Waingereza waliwanyang'anya Waholanzi mji wa New Amsterdam, wakauita New York kwa heshima ya James, Dyuki wa York, nduguye Mfalme Charles wa Pili. Waholanzi waliurudisha mwaka 1673 wakauita New Orange, kisha mwaka uliofuata ukarejea mikononi mwa Waingereza, na jina likarejea nao. Huko Kanada, Toronto iliitwa York kuanzia mwaka 1793 hadi 1834 ilipolirudia jina lake la awali. Anayetembea New York leo hafikirii mti, wala nguruwe, wala ghuba ya farasi.

Lakini wapo waliokumbuka. Wawelisi, ambao lugha yao ni mjukuu wa ile ya wenyeji wa mwanzo, huuita York Efrog, umbo lililoshuka moja kwa moja kutoka Eburakon, na New York kwao ni Efrog Newydd. Kanisa nalo lilikumbuka. Askofu Mkuu wa York hutia saini kwa jina lake likifuatwa na Ebor, kifupisho cha lile jina la Kilatini. Kati ya mwaka 2005 na 2020 cheo hicho kilishikwa na John Sentamu, mzaliwa wa Uganda, ambaye barua zake zilitiwa saini Sentamu Ebor. Jina la Kiganda na jina la mti wa Wakelti viliketi pamoja katika mstari mmoja, na hakuna aliyepasuka.

Shahidi si hatimiliki

Sasa nimjibu kijana wangu.

Uliniuliza, nani anasema ukweli kati ya wale wazee wawili? Jibu la kwanza ni kwamba huenda wote wawili wanasema ukweli, kila mmoja wa zama zake. Mmoja anasimulia mti, mwingine anasimulia nguruwe. Yule wa pili hasemi uongo. Jamii yake ililipokea jina ikalielewa kwa lugha yake, na ufahamu huo nao ni sehemu ya historia ya mji. Tukitaka kujua nani alitangulia, hatutapiga kelele. Tutauliza maswali matatu. Umbo kongwe zaidi la jina ni lipi, katika ramani, barua na masimulizi? Je, mabadiliko ya sauti yanayodaiwa yanafuata kanuni ambazo tunaziona katika maneno mengine ya lugha hizo, au yamebuniwa kwa ajili ya neno hili moja tu? Na je, mandhari yenyewe, yaani mito, miti, miamba na mabaki ya kale, inaliunga mkono jibu hilo? Maana inayofeli maswali haya ni hadithi tamu, basi.

Jibu la pili ni zito zaidi. Tuseme tumethibitisha pasipo shaka kwamba jina ni la lugha fulani. Je, mji ni wa wenye lugha hiyo peke yao? Kwa mantiki ya wale wazee, York ingepaswa kukabidhiwa Wawelisi kesho asubuhi. Hakuna Mwelisi anayedai hivyo. Jina ni shahidi kwamba watu fulani walikuwa hapo, wakapaona, wakapapa maana. Shahidi huyo anastahili heshima na anastahili kusikilizwa. Lakini shahidi si hatimiliki.

Sisemi kwamba dhuluma za ardhi hazikutokea kwetu. Zilitokea. Jina Nairobi ni la Kimaasai, linatokana na maneno yenye maana ya maji baridi, na kila anayelitamka anakiri, ajue asijue, kwamba Wamaasai walikunywesha mifugo yao pale kabla ya reli. Ila anayetaka kuzungumzia namna Wamaasai walivyopoteza ardhi atalazimika kuileta mezani mikataba ya mwaka 1904 na 1911, ramani na masimulizi ya waliohamishwa. Huo ndio ushahidi wa dhuluma. Tukiubebesha mofimu mbili za jina mzigo huo, tutamwangusha hata mwenye haki, kwa sababu mpinzani wake ataibuka na etimolojia yake ya mtaani na kesi itageuka kuwa mashindano ya kukata maneno.

Waingereza waliunda chama cha kuchunguza majina yao ya mahali mwaka 1923. Kazi yake imekuwa kutoa vitabu, kaunti baada ya kaunti, vinavyoorodhesha kila jina pamoja na maumbo yake ya kale na miaka yalipoandikwa. Kitabu kinachohusu York na sehemu ya mashariki ya Yorkshire kilitoka mwaka 1937. Sisi tuna kaunti 47. Tuna vyuo vikuu vyenye idara za isimu, na wanafunzi wa uzamili wanaohangaika kutafuta mada. Tuna pia kitu ambacho wachunguzi wa York hawakuwa nacho: wazee walio hai ambao bado wanajua kijito fulani kiliitwaje kabla ya shule na kanisa kujengwa. Wale wa York iliwabidi kungoja kibao kifukuliwe. Sisi kibao chetu bado kinakunywa chai ya saa kumi na kinajibu ukikiuliza.

Kwa hivyo kijana, rudi kwa wazee wale wawili, mmoja mmoja, nyumbani kwake. Usiende na swali la mji ni wa nani. Nenda na daftari au simu ya kurekodia, uwaombe wakutajie majina yote wanayoyakumbuka: ya mto, ya kilima, ya mti uliokatwa, ya soko la zamani. Andika wanavyotamka, si unavyodhani. Andika maana zote mbili, ya huyu na ya yule, na mwaka uliozisikia. Miaka mia ijayo kuna mtu atakayelihitaji daftari hilo kama sisi tunavyokihitaji kibao cha Vindolanda.